Kulala Kilimanjaro: vibanda vya Marangu na mahema ya njia nyingine

KIANGAZI kinapoanza mwezi Juni, mawingu ya masika hupungua na kilele cha Kibo huanza kuonekana kutoka Moshi mjini asubuhi na jioni. Kuanzia hapo hadi Oktoba ndicho kipindi ambacho Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro hupokea wageni wengi, kwa kuwa ukavu wa hali ya hewa huangukia wakati ule ule wa likizo za Ulaya na Marekani. Watanzania nao hupenda zaidi mwezi Desemba, hasa kuelekea tarehe 9, siku ya kukumbuka Uhuru, ambapo mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha Mwenge na bendera ya taifa kileleni.

Mkazi wa mjini anayefikiria safari ya namna hiyo kwa kawaida huuliza habari za kilele. Swali lenye manufaa zaidi ni jingine: atalala wapi usiku kucha, kwa siku tano au zaidi, kabla ya kukifikia na baada ya kukiacha.

Jibu hutegemea njia. Katika njia ya Marangu peke yake wageni hulala katika vibanda vyenye vitanda na magodoro. Machame, Lemosho, Rongai na Umbwe ni njia za mahema. Kwa sababu ya vibanda hivyo Marangu imepewa jina la utani la njia ya Coca-Cola, ikimaanisha kwamba ni laini, na Machame ikaitwa ya wiski. Utani huo umewaponza wengi.

Vibanda vina historia ndefu kuliko hifadhi yenyewe, ambayo ilianzishwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi mwaka 1977. Enzi za Wajerumani kulikuwa na nyumba mbili za kulala wapandaji, moja ikiitwa kwa jina la Bismarck na nyingine la Peters. Leo mahali hapo panaitwa Mandara na Horombo, majina ya watawala wa Wachaga wa karne ya 19. Majengo ya sasa ya vituo hivyo viwili ni ya mbao, yenye paa la mteremko mkali linaloshuka karibu hadi ardhini, na yalijengwa kwa msaada wa Norway katika miaka ya 1970. Mandara hulaza watu wapatao 60 na Horombo 120. Kibanda kidogo huwa na vitanda vinne hivi, hivyo mgeni asishangae kupangwa chumba kimoja na watu asiowajua.

Kutoka geti la Marangu, lililo chini kidogo ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hadi Mandara ni mwendo wa kilomita nane ndani ya msitu mnene wenye mbega na kima. Mwendo si mgumu. Atakayefika mapema ana muda wa kutembea hadi kasoko ya Maundi, iliyo karibu, na kurudi kabla ya chakula cha jioni.

Siku ya pili msitu huisha na kuacha vichaka vya erika, kisha huanza kuonekana miti ya senesio na lobelia. Horombo iko mita 3,720, na usiku baridi yake hukaribia ile ya kugandisha maji. Baada ya hapo ni nyika ya mawe na upepo kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, na hatimaye kituo cha Kibo, mita 4,720. Hiki ni jengo la mawe lenye vyumba vya pamoja. Kibo hakuna chemchemi. Maji hubebwa na wapagazi kutoka chini. Wala hakuna usingizi wa maana, kwani mgeni hufika alasiri, hula mapema, na kuamshwa kabla ya saa sita za usiku aanze kupanda kuelekea Gilman na kisha Uhuru, mita 5,895.

Msomaji makini atakuwa ameona tatizo. Kutoka Mandara hadi Horombo ni mita 1,000, na kutoka Horombo hadi Kibo ni mita 1,000 nyingine. Ushauri wa kitabibu ni kwamba mtu akishavuka mita 3,000 asiongeze zaidi ya mita 500 hivi kila anapolala. Vibanda vilijengwa mahali palipofaa kujengwa. Mapafu ya binadamu hayakuulizwa. Ndiyo maana njia inayosifiwa kwa ulaini huwarudisha wengi, hasa wanaochagua safari ya siku tano ili kubana gharama. Siku ya sita, ambayo hutumika kulala Horombo mara mbili na kupanda mchana hadi Miamba ya Pundamilia au kuelekea Mawenzi, si anasa.

Wanaolala kwenye mahema hupata nafuu katika jambo hili. Anayetumia Machame au Lemosho hupanda hadi Lava Tower, yapata mita 4,600, kisha hushuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Kupanda juu na kulala chini kwa namna hiyo huupa mwili nafasi ya kuzoea hewa nyembamba.

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ni dalili za mwanzo, na wapandaji wengi huzipata. Zinazotisha ni kupepesuka mithili ya mlevi, kuchanganyikiwa, na kukosa pumzi hata mtu akiwa amekaa. Hizo huashiria maji kujaa kwenye ubongo au mapafu, na tiba ya kwanza ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Kijana mwenye nguvu hana kinga kuliko mzee. Mara nyingi yeye ndiye huathirika kwa kuwa hutembea haraka. Aidha, mwenye kuficha dalili kwa kuogopa kurudishwa humtwisha mwongozaji wake mzigo usio wake.

Mahali pa kusimika hema napo si suala la kuchagua mandhari. Januari 2006 wapandaji watatu raia wa Marekani walifariki baada ya mawe kuporomoka katika njia ya Western Breach, na njia hiyo ikafungwa hadi mwishoni mwa mwaka 2007. Hema husimikwa kwenye viwanja vya kambi vilivyotengwa tu, na hakuna anayeruhusiwa kupanda bila mwongozaji mwenye leseni.

Moto wa kuni nao ni marufuku. Wapishi hutumia majiko ya gesi au ya mafuta ya taa, na hata hayo yanahitaji uangalifu. Moto ulioanza Oktoba 11, 2020 ulitokea eneo la Whona, ambapo wageni hupumzika kati ya Mandara na Horombo. TANAPA ilieleza wakati huo kwamba, kwa taarifa za awali, ulianza pale wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Erika huwaka kama petroli wakati wa kiangazi. Uzimaji ulichukua siku nyingi na kuwashirikisha askari, wanakijiji na wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka. Oktoba 2022 moto ukazuka tena, safari hii upande wa Karanga.

Hasara yake haiishii kwenye majivu. Mtafiti Andreas Hemp alionyesha mwaka 2005 kwamba msitu wa juu hunasa maji ya ukungu, na kwamba kuteketea kwake hupunguza maji ya mlima kuliko kuyeyuka kwa theluji kunakosemwa sana. Mifereji ya Wachaga na mto Pangani hutegemea maji hayo.

Kuhusu mizigo, wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, hawatakiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20 za mzigo wa msafara. Begi hupimwa getini, na kilichozidi hubaki. Cha lazima ni mfuko wa kulalia unaostahimili baridi chini ya sifuri, koti la mvua, kofia ya sufu, glavu, tochi ya kichwani na viatu vilivyokwisha kuvaliwa kwa wiki kadhaa. Kiatu kipya hutoa malengelenge kabla ya Mandara. Mfuko huo wahitajika hata vibandani, kwa sababu godoro halina blanketi.

Ada hulipwa kwa kila usiku, na raia wa Tanzania hulipa kwa shilingi kiwango kilicho chini mno ya kile cha mgeni wa nje. Nafasi za vibanda vya Marangu huwekwa mapema, hususan kwa Julai, Agosti na wiki mbili za mwanzo za Desemba. Katika kila kituo mgeni huandika jina lake kwenye daftari la askari wa hifadhi, anapopanda na anaposhuka.