Hati ya Tabibu na Macho ya Kijiji: Kuhusu Siri ya Mwenye Ulemavu Mahakamani

Kuna kauli inayosikika sana miongoni mwa mawakili wetu, nayo ni kwamba mtu akishafungua daawa kwa hiari yake, kila hati itakayotolewa kwa ajili ya daawa hiyo imekwisha toka katika sitara, wala hana tena haki ya kulalamika ikisomwa na wengine. Makala haya yanaipinga kauli hiyo kwa upande wa mashauri ya haki za watu wenye ulemavu, na yanaipinga kutoka Kishushe, chini ya milima ya Taita kuelekea mbuga ya Tsavo, maadam udhaifu wake hauonekani vizuri kwa anayeitazama akiwa Nairobi.

Misingi haina mzozo. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inalinda faragha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008, unataja waziwazi katika ibara yake ya 22 siri ya habari za afya za mwenye ulemavu. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka hali ya afya katika fungu la habari nyeti. Mzozo huanza pale sheria hiyo hiyo inapofungua mlango kwa ajili ya amri ya mahakama na kwa ajili ya kudai au kutetea haki, kwani wengi wameuona mlango huo na kudhani kwamba ukuta wote umebomolewa.

Na tuchukue mfano wa mtumishi wa umma aliyezaliwa Kishushe, ambaye sheria humruhusu kufanya kazi hadi miaka 65 kwa sababu ya ulemavu wake, ilhali wenzake hustaafu wakiwa na 60, na mwajiri akakataa kumwamini. Mtumishi huyo hupeleka mahakamani fomu ya tathmini ya madaktari, iliyoandikwa aina ya ulemavu, asili yake na kiwango chake, imepigwa muhuri wa hospitali na kufungwa nyuma ya hati ya kiapo. Wakili wa upande wa pili huomba aletewe jalada lote la hospitali, ati apate kuhakikisha. Basi pamoja na habari ya sikio au mguu hutoka habari ya mimba iliyoharibika, ya dawa za usingizi, ya ugonjwa wa akili wa miaka mingi iliyopita, mambo ambayo hayana uhusiano wowote na swali lililo mbele ya hakimu. Nakala moja hukaa kwa wakili, moja kwa afisa wa rasilimali watu, moja katika masjala ya mahakama, na hatima yake hukumu huchapishwa na Kenya Law kwenye intaneti, bila malipo, na aghalabu kwa jina kamili la mdai.

Hapo hujibiwa kwamba dawa ni kuficha jina na kuandika herufi za mwanzo tu. Dawa hiyo huenda ikafaa mjini. Lakini hukumu ikisema kwamba mdai ni mwalimu wa kike, mkazi wa Kishushe, aliyepoteza uwezo wa kusikia baada ya kujifungua, nani pale kijijini atakayehitaji kuambiwa jina? Ataulizwa habari zake kisimani na mbele ya baraza la chifu, na walio na jamaa kwenye machimbo ya chuma watazipeleka huko pia. Kwa hiyo nasema kwamba kinachostahili kulindwa kwanza ni matumizi ya hati, na jina lifuate nyuma.

Fikra hii si ngeni. Sheria ya Kiingereza, ambayo Sheria ya Mahakama inatuelekeza kuifuata kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897 kwa kadiri hali za wenyeji zinavyoruhusu, ilikuza kanuni kwamba aliyepokea hati kwa nguvu ya mahakama ameipokea kama amana ya shauri lile tu. Wanaoidharau kanuni hiyo hupenda kutaja kesi ya Harriet Harman ya 1982, ambapo majaji watatu dhidi ya wawili walimtia hatiani wakili aliyemwonyesha mwandishi wa habari hati zilizokwisha somwa hadharani, na huongeza kwamba mwaka 1987 Waingereza wenyewe walilegeza kamba, hati ikishasomwa mahakamani iwe huru. Kweli, walilegeza, lakini walimwachia jaji uwezo wa kuamuru vinginevyo, na hati zile zilihusu mwenendo wa serikali magerezani, jambo ambalo umma una haki ya kulijua. Umma una haki gani ya kuijua mimba ya mwalimu?

Mahakama Kuu yetu ilikwisha ikaribia fikra hii. Februari 2015 Rais aliagiza zikusanywe orodha za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya ukimwi. Disemba 2016 mahakama ilitamka kwamba agizo hilo limevunja ibara ya 31, ikaamuru yaliyokwisha kukusanywa yahifadhiwe kwa njia isiyounganisha jina na hali ya mtu. Yaani kukusanywa kwa habari hakukuiondolea ulinzi. Sioni kwa nini iwe vingine kwa hati iliyokusanywa na mahakama yenyewe.

Sitaki mwajiri anyimwe nafasi ya kuipima hoja ya mdai. Aisome hati inayohusika, amhoji tabibu, kisha airudishe. Wala sitaki mahakama zifungwe milango kwa jumla, ingawa ibara ya 50(8) inaruhusu kuwatoa watu nje ili kuwalinda walio dhaifu. Ninachowaomba mahakimu na majaji ni amri moja siku ya kwanza ya kutajwa kwa shauri: hati za afya zisitumike nje yake, zisizohusika zisiletwe, na hukumu isitaje kijiji wala kazi ya mdai pasipo lazima. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Utaratibu wa Madai kinampa hakimu uwezo wa kutoa amri juu ya kufunuliwa, kukaguliwa na kurejeshwa kwa hati, wakati wowote, hata kama hakuna aliyemwomba.