Fahamu Tiba ya Mwanga kwa Ugonjwa wa Ngozi Kukakamaa

Skleroderma ni ugonjwa ambao mfumo wa kinga huuchochea mwili kutengeneza kolajeni kupita kiasi, hata ngozi ikawa nene na ngumu. Upo wa aina mbili: morfea, unaoshika sehemu ya ngozi na tishu zilizo chini yake, na ule wa mwili mzima, unaoweza kufika kwenye mapafu, moyo na figo. Hauambukizi.

Katika ngozi nyeusi, wekundu unaoashiria mwanzo wa ugonjwa hauonekani kwa urahisi. Huonekana mabaka meusi au meupe, na hayo meupe huweza kudhaniwa kuwa mbalanga. Ngozi ya mbalanga hubaki laini. Ya skleroderma haifinyiki.

Miongoni mwa tiba zake ni mwanga wa UVA1, yaani mionzi ya urujuanimno yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 340 hadi 400. Mionzi hiyo hupenya hadi tabaka la ndani la ngozi na kuamsha vimeng'enya vinavyovunja kolajeni. Mgonjwa huingia katika mashine mara tatu hadi tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa.

Je, melanini, iliyo kinga ya asili dhidi ya jua, haiuzuii pia mwanga wa tiba? Mwaka 2008, watafiti wa Texas, Marekani, walichapisha tathmini ya wagonjwa 101 na kubaini kuwa tiba hiyo huwafaa pia wenye ngozi nyeusi zaidi. Hata hivyo, tathmini hiyo ilihusu aina ya kwanza hadi ya tano ya ngozi katika kipimo cha Fitzpatrick. Aina ya sita, yaani nyeusi kabisa, ambayo ni ya Waafrika wengi, haikuwemo. Mwaka huohuo watafiti wa Michigan walionesha kuwa ngozi inapozidi kuwa nyeusi kutokana na mionzi, mwitikio wake hupungua. Kwa sababu hiyo, ni busara mgonjwa amuulize daktari kuhusu dozi, na maendeleo yapimwe kwa ulaini wa ngozi, si kwa rangi yake.

Kuota jua si mbadala wa tiba hii, kwani mionzi ya UVB iliyomo huunguza ngozi kabla kiwango kinachohitajika cha UVA1 hakijafikiwa. Tiba hii haiwafai watu wenye ualbino, na mgonjwa anayetumia dawa zinazoongeza athari za mwanga amjulishe daktari bingwa wa ngozi kabla ya kuanza.