Maombolezo: maombi ya mwamini anayeumia

Maombolezo ni maombi ya mtu anayemweleza Mungu uchungu wake bila kuuficha, huku akiendelea kumwita Mungu wake. Katika Kivu na Ituri, ambako vita vimerudi mara kwa mara tangu mwaka 1996, waamini wengi wamepoteza jamaa, mashamba na nyumba. Pengine mfiwa huambiwa: «Usilie, wewe umeokoka.» Neno hilo hutoka katika upendo, lakini Biblia haifundishi hivyo. Na mtu aliyekatazwa kulia kanisani aweza kuondoka na uchungu wake asirudi tena.

Katika Zaburi

Karibu theluthi moja ya zaburi 150 ni maombolezo. Zaburi ya 13 ni mfano mfupi. Mwenye kuomba anamwuliza Mungu mara nne mpaka lini. Kisha anaomba msaada. Mwishoni anatangaza tumaini lake na kuahidi kuimba. Maombolezo mengi hufuata njia hiyo. Zaburi ya 88 haifiki kwenye wimbo, inaishia gizani. Hata hivyo imo katika Biblia, na inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu. Anayeomba akiwa bado gizani hajapoteza imani.

Kitabu cha Maombolezo

Kitabu hiki kinalilia Yerusalemu, mji ulioangushwa na jeshi la Babeli mwaka 586 kabla ya Kristo. Kinataja njaa, watoto wanaokufa, na watu waliochukuliwa utumwani. Sura nne za kwanza zimepangwa kwa kufuata herufi 22 za Kiebrania, kama vile kueleza msiba mwanzo hadi mwisho bila kuruka kitu. Maneno ya rehema za Mungu zilizo mpya kila asubuhi yako katikati, sura ya 3. Baada yake kilio kinaendelea, na kitabu kinamalizika bila jibu.

Ayubu na Yesu

Ayubu alibishana na Mungu kwa maneno makali, na rafiki zake wakamtetea Mungu. Mwishoni Mungu aliwakasirikia rafiki hao, akasema ni Ayubu aliyenena sawasawa (Ayubu 42:7). Bwana Yesu naye alilia kwenye kaburi la Lazaro, ingawa alijua atamfufua. Msalabani aliomba kwa maneno ya mwanzo wa Zaburi ya 22. Mtume Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwaambia wasihuzunike kama watu wasio na tumaini (1 Wathesalonike 4:13).

Kulia si kunung'unika

Jangwani Waisraeli walinung'unika wao kwa wao, wakataka kurudi Misri (Hesabu 14). Walimgeuzia Mungu kisogo. Mwenye kuomboleza anamgeukia, hata kama anamwuliza maswali magumu. Hiyo ndiyo tofauti.

Katika ibada zetu

Kanisa laweza kuyapa maombolezo nafasi kwa njia rahisi:

- Kutaja majina ya waliokufa katika maombi ya Jumapili, pasipo haraka ya kupita kwenye sifa.
- Kusoma zaburi ya maombolezo kwa sauti, kusanyiko lote pamoja.
- Kuketi na mfiwa. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku 7 za kwanza, walipokaa chini pamoja naye bila kusema neno.
- Kuwapokea waliokimbia vita pamoja na hadithi zao, wala si kwa chakula na nguo tu.
- Kutomdai mtu ushuhuda wa ushindi kabla hajawa tayari.

Paulo anawaagiza waamini wa Roma kufurahi na wanaofurahi na kulia na wanaolia (Warumi 12:15). Kwaya zetu zinajua vema sehemu ya kwanza. Wazee, mashemasi na wamama wa kanisa watusaidie kujifunza ya pili, ili aliye na kilio nyumbani asilazimike kukiacha mlangoni mwa kanisa.