Buyenzi: Mtaa wa Waswahili wa Bujumbura na Nyumba Zake

Kwa wasomaji wetu wa Butihinda na Muyinga, jina la Buyenzi lina maana mbili. La kwanza ni jina la nchi ya milima ya Ngozi na Kayanza, jirani na Bweru yetu. La pili ni jina la mtaa mmoja wa Bujumbura, ulio tambarare, karibu na mto Ntahangwa, ambao wakazi wake wamejulikana tangu zamani kwa kuzungumza Kiswahili nyumbani, sokoni na msikitini. Katika makala hii tunakusudia kueleza habari za Buyenzi hiyo ya pili: jinsi ilivyoanza, nani aliyeipanga, na nyumba zake zinatuambia nini juu ya watu waliozijenga.

Huenda msomaji akauliza kwa nini walimu wa huku mpakani washughulike na mtaa wa mji ulio mbali. Jibu letu ni kwamba njia ni moja. Magari ya mizigo yanayotoka Dar es Salaam huingia nchini kwetu kwa kupitia Kobero, katika Butihinda, kisha hupanda Muyinga na kuendelea bara hadi yateremkapo ziwani. Lugha nayo imesafiri katika njia za biashara namna hiyohiyo. Waswahili wa Muyinga, wa Gitega, wa Rumonge na wa Bujumbura aghalabu ni watu wa ukoo na biashara moja, na mtaa ambao habari zao zimehifadhiwa zaidi ni Buyenzi.

Mwanzo wake hauko Buyenzi yenyewe. Kabla ya Wazungu kufika, nchi ya kaskazini mwa Ziwa Tanganyika iliitwa Uzige, na wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wakiifikia kwa mitumbwi. Livingstone na Stanley walipita huko Novemba 1871, na jiwe lenye kumbukumbu yao lingalipo Mugere. Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alijaribu kueneza mamlaka yake kutoka Ujiji hadi ndani ya Burundi, lakini hakuweza kuyashinda majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo. Kwa sababu hiyo Burundi haikupata mji wa wafanyabiashara kama Tabora au Kasongo. Waswahili walipokuja kukaa kwa wingi, walikuja chini ya kivuli cha bendera ya Wajerumani.

Wajerumani walianzisha kituo cha kijeshi Usumbura, kama mji ulivyoitwa wakati huo, mwaka 1897. Kituo cha kijeshi hakikai peke yake. Kinataka askari, wapagazi, wapishi, wakalimani, mafundi seremala na wauza nguo; na watu wa kazi hizo walitoka Ujiji, Manyema, Tabora na pwani. Lugha ya kuwaunganisha ilikuwa Kiswahili, na dini ya wengi wao ilikuwa Uislamu. Mwaka 1912 Wajerumani walipohamishia makao ya utawala Gitega, wakajenga boma lao huko, jambo hilohilo likarudiwa: pembezoni mwa boma pakazaliwa mtaa wa Waswahili. Anayetaka kuielewa miji ya zamani ya Burundi hana budi kuanza na boma, kisha atazame ni nani waliokaa nje ya ukuta wake.

Hapa yafaa tulitazame neno lenyewe. Mswahili wa Usumbura hakuwa mtu wa kabila. Alikuwa Mmanyema, Mnyamwezi, Mbwari, Mrundi aliyesilimu, au mtoto wa mwanamke wa Kirundi na baba wa kutoka mbali. Kilichomfanya awe Mswahili ni makazi ya mjini, lugha, dini na mavazi. Serikali ya Kibelgiji, iliyouteka mji mwaka 1916 na baadaye kupewa Ruanda-Urundi iitawale kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, iliona vigumu kumweka mtu kama huyo katika daftari. Utawala wake ulijengwa juu ya mwami, machifu na milima; kila mwenyeji alitakiwa awe na mlima wake na chifu wake. Mswahili hakuwa na mlima. Basi akapewa mtaa.

Katika kipindi cha kati ya vita kuu mbili, Wabelgiji waliupanga mji upya. Wazungu walitengewa mahali pao, Wahindi na Waarabu wenye maduka mahali pao, na Waafrika wakawekwa mbali nao. Waswahili waliokuwa wakikaa karibu na kituo cha zamani walihamishiwa uwanja ulionyooka, uliogawanywa kwa kamba na vigingi. Ndiyo Buyenzi. Jirani yake ukaanzishwa mtaa mwingine ulioitwa Belge, ambao sasa ni Bwiza. Baadaye mitaa hiyo ilitiwa chini ya utawala wa pekee, ulio nje ya mamlaka ya machifu wa kimila.

Alama ya kazi hiyo ya kamba bado yaonekana. Barabara za Buyenzi hazina majina ya mashujaa wala ya miti, zina namba. Mtu wa huko akiulizwa anakaa wapi, hutaja namba ya barabara na namba ya nyumba, na hilo limekuwa jina la nyumbani kwake kama vile mtu wa Butihinda anavyoutaja mlima wake. Kwa maoni yetu, jambo hili lastahili kutazamwa kuliko jengo lolote la mtaa ule. Namba ziliwekwa ili iwe rahisi kuhesabu watu, kutoza kodi na kutafuta wahalifu. Waliohesabiwa wakazichukua namba hizo wakazifanya zao.

Nyumba zenyewe hazikuwa za fahari. Ziliinuliwa kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, ambayo sisi Warundi tunayaita rukarakara, zikapakwa chokaa au udongo, na kuezekwa kwanza kwa nyasi, kisha kwa mabati. Nyumba ilikaa mbele, ikitazama barabara. Nyuma yake palikuwa na ua, na katika ua huo vyumba vidogo, jiko na choo. Mbele, chini ya upenu, palikuwa na mahali pa kukaa na kuzungumza. Mpango huu wa nyumba mbele na ua nyuma unafanana na ule wa Ujiji na wa mitaa mingine ya Waswahili wa bara. Serikali ilichora kiwanja. Ndani ya kiwanja mwenyeji alijenga kama alivyozoea kwao.

Vyumba vile vya uani ndivyo vilivyoulisha mtaa. Mgeni aliyefika mjini kutafuta kazi bandarini alipanga chumba kimoja, akala kwa mwenye nyumba, akajifunza Kiswahili kwa majirani, na pengine akasilimu. Kodi ya chumba ilikuwa riziki ya mwenye nyumba, na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Hili halikuwa jambo dogo. Kwa desturi ya Kirundi, binti kwa kawaida hakurithi ardhi ya babaye. Kwa sheria ya Kiislamu binti hurithi nusu ya fungu la nduguye wa kiume. Tena mjini kiwanja kiliweza kununuliwa kwa fedha za biashara. Mjane wa Buyenzi mwenye nyumba ya vyumba vinne au vitano aliweza kuishi bila kurudi kwa wakweze wala kwa kaka zake.

Utawala wa Kibelgiji haukupendezwa na wanawake wa namna hiyo. Katika miji yake ya Kongo na ya Ruanda-Urundi iliwekwa kodi ya pekee juu ya wanawake wasiokuwa na mume anayetambuliwa na serikali. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika makala yake ya mwaka 1991, ameeleza jinsi kodi hiyo ilivyotozwa Usumbura. Waliotozwa waliandikwa kuwa ni wanawake "wanaoishi peke yao kinadharia". Neno hilo "kinadharia" lafaa lisomwe kwa utulivu. Maana yake ni kwamba karani hakuamini kuwa mwanamke yule anaishi peke yake. Alimdhania kuwa ni malaya, au ni mke wa pili aliyefichwa, kwa kuwa sheria ya miaka ile iliipiga marufuku ndoa ya wake wengi mijini. Mjane mwenye heshima zake, aliyesali na kufunga, akajikuta ameandikwa katika daftari moja na wale ambao mji mzima uliwajua kwa jina jingine.

Katikati ya miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Buyenzi waliikataa kodi hiyo. Tunasisitiza kwamba hawakulalamikia fedha tu. Walilalamikia jina. Kulipa kodi ile kulikuwa ni kukiri kwa mkono wako kwamba wewe ni mtu wa namna fulani. Katika vitabu vya historia ya siasa ya Burundi, ambavyo huanza habari za uhuru kwa vyama na mikutano ya wanaume, upinzani wa wanawake hawa hutajwa kwa uchache mno, kama unatajwa. Sisi tunaona kuwa ulikuwa miongoni mwa mapambano ya mwanzo dhidi ya utawala wa kikoloni mjini Usumbura, na kwamba ulikuwa na mizizi katika nyumba: mwenye kiwanja chake na wapangaji wake huthubutu kusema.

Ulipoanza wakati wa vyama, Buyenzi ilikuwa tayari. Mwana wa mfalme Louis Rwagasore, aliyeanzisha ushirika wa wafanyabiashara mwaka 1957 kabla ya kuongoza chama cha UPRONA, alipata wafuasi wengi miongoni mwa Waswahili. Walikuwa na sababu yao. Watu walioitwa wageni na serikali walitaka kujua kama nchi huru itawahesabu kuwa raia, na Rwagasore aliwapa matumaini. Lugha nayo ilisaidia, kwani TANU ya Mwalimu Nyerere, iliyokuwa ikikiunga mkono chama cha UPRONA, ilizungumza Kiswahili. UPRONA ilishinda viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa Septemba 1961. Oktoba 13 mwaka huohuo Rwagasore akauawa kwa risasi. Burundi ilipata uhuru Julai 1, 1962, na Usumbura ikawa Bujumbura.

Katika miaka hiyo ya 1950 mji ulikuwa umeongezewa mitaa mingine. Shirika la Kibelgiji la kujenga makazi ya Waafrika, OCAF, lililoundwa mwaka 1952, lilijenga Ngagara ng'ambo ya Ntahangwa, nyumba zikiwa zimekwisha chorwa na kukamilishwa kabla mwenyeji hajaingia. Anayelinganisha mitaa hii miwili hujifunza mengi. Ngagara nyumba ilitangulia na mtu akafuata. Buyenzi mtu alitangulia, na nyumba ikaongezwa chumba baada ya chumba kadiri alivyopata fedha, watoto na wapangaji.

Geert Castryck, aliyechunguza historia ya Waislamu wa Usumbura tangu 1897 hadi 1962, ametusaidia kuona jinsi watu hawa walivyokuwa wengi na muhimu katika mji wa kikoloni. Kwa habari za baada ya 1962 hatuna kazi nyingi kama hiyo, nasi tutapita upesi. Lakini jambo moja halifai kuachwa. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 21, 1993, mitaa ya Bujumbura iligawanyika kwa makabila, mmoja baada ya mwingine. Buyenzi na Bwiza zilibaki na watu mchanganyiko kwa muda mrefu kuliko nyingine. Watu hupenda kusema kwamba Uswahili uliikinga Buyenzi, na katika maneno hayo upo ukweli. Ukweli mwingine ni kwamba Machi 1995 mauaji yaliingia katika mitaa hiyo miwili, na maelfu ya watu wakakimbilia ng'ambo ya mpaka, Uvira. Ukuta wa udongo, hata ukiwa wa nyumba ya watu wa makabila yote, hauzuii bunduki.

Leo Buyenzi ni sehemu ya wilaya ya Mukaza. Mafundi wa magari wamejaa kando ya barabara zake, na gari lililovunjika njiani kutoka Kobero lina matumaini ya kupata chuma chake huko. Soko la Ruvumera limekua sana tangu soko kuu la Bujumbura lilipoungua Januari 27, 2013, kwa kuwa wafanyabiashara wengi walihamia huko. Viwanja vya zamani vinagawanywa baina ya warithi, na warithi wakishindwa kuelewana huuza. Anunuaye hubomoa nyumba ya rukarakara akajenga ghorofa. Hatumlaumu, ardhi ni ghali na udongo hauvumilii mvua nyingi. Tunalosikitikia ni kwamba nyumba ikibomolewa hakuna aandikaye ni nani aliyeijenga, ni nani waliopanga vyumba vyake, wala ni mwanamke gani aliyekataa kuilipia kodi.

Na hilo si la Buyenzi pekee. Tangu mwaka 2019 Gitega ni makao makuu ya kisiasa ya nchi, na ujenzi mpya unaendelea huko. Boma la Wajerumani linatajwa katika kila kitabu cha watalii, pamoja na jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1955. Mtaa wa Waswahili wa Gitega hautajwi. Muyinga nako wapo wazee ambao baba zao walikuja na misafara ya chumvi na nguo, na ambao wajua ni nyumba ipi ilikuwa ya kwanza kuezekwa kwa bati. Kiswahili kinafundishwa katika shule zetu za msingi tangu Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na wanafunzi wetu hukisoma kana kwamba ni lugha iliyoletwa juzi kutoka ng'ambo ya Kobero, ilhali wengine wao hupita kila asubuhi mbele ya nyumba ambamo kimezungumzwa kwa vizazi vinne.