Moshi wa Mafiga na Matone ya Vitamini A: Handeni na Jirani Zake

Katika nyumba nyingi za vijijini Handeni mafiga hukaa ndani, na mtoto hulala karibu na moto wa kuni. Madhara yake yalichunguzwa Bagamoyo, upande wa kusini: utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulihusisha vifo vya watoto na kulala katika chumba cha kupikia. Wakati huo vitamini A, inayohifadhi utando wa njia za hewa, ilikwisha kupata sifa. Katika hospitali ya Mvumi, Dodoma, majaribio yaliyochapishwa mwaka 1987 kwa watoto 180 wenye surua yalionyesha vifo 6 kati ya 88 waliopewa vitamini, na 12 kati ya 92 wasiopewa. Idadi ndogo, ila tofauti ilidhihirika kwa walio chini ya miaka 2. Ikatarajiwa kwamba maradhi mengine ya mapafu nayo yangetibika. Majaribio ya Dar es Salaam, miaka ya 1990, kwa watoto 687 wenye nimonia isiyotokana na surua, hayakuthibitisha tumaini hilo. Surua humaliza akiba ya vitamini mwilini, nayo dozi huirudisha. Moshi hurudi kila jioni. Hivyo matone yanayogawiwa Juni na Desemba huziba upungufu wa lishe, huku mafiga yakibaki palepale.