Sosholojia kwa Vijana wa Masisi na Walikale: Historia ya Uchaguzi Usio Huru

Yasemwa mara kwa mara katika kumbi za vyuo vya Kivu kwamba mwanafunzi huchagua sosholojia pale anaposhindwa kuingia katika sheria au udaktari. Makala haya hayakusudii kuikanusha kauli hiyo moja kwa moja. Yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa vijana wa Masisi na Walikale, uchaguzi huo ulikwisha kuamuliwa kwa kiasi kikubwa na mambo mawili yaliyowatangulia: mahali ambapo dola iliweka kitivo, na ukweli kwamba jamii zao zilichunguzwa na wageni muda mrefu kabla hazijapata wachunguzi wa kwao.

Tuanze na hili la pili, maana ndilo la zamani zaidi. Mwaka 1944 Bushiri Lungundu aliongoza uasi wa wafuasi wa Kitawala katika nchi ya Masisi, Walikale na Lubutu. Uasi ulipokwisha kuzimwa, maisha ya vijiji hivyo yaliingia katika majalada ya utawala wa Kibelgiji kama jambo la usalama. Huko Masisi, tume ya kuhamisha Wanyarwanda, iliyofanya kazi tangu 1937 hadi 1955, ilihesabu familia na kugawa mashamba. Huu nao ulikuwa ujuzi wa jamii, ingawa haukuitwa sosholojia na haukufundishwa kwa yeyote aliyehesabiwa.

Kwa upande wa Walikale mambo yalichukua sura nyingine. Mwaka 1956 mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck alimsikiliza fanani wa Kinyanga, Candi Rureke, akiigiza na kuimba utendi wa Mwindo kwa muda wa siku 12. Kitabu kilichotolewa Marekani mwaka 1969 kina majina mawili ya wahariri: Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga ambaye baadaye alikuwa mwanaisimu mashuhuri. Jina la Rureke nalo limo ndani. Jambo hilo lafaa kukumbukwa, kwani si kila msimulizi wa Kivu aliyepata bahati ya kutajwa. Biebuyck huyohuyo alifundisha Lovanium, na mada za semina iliyofanyika huko Januari 1960 juu ya mifumo ya ardhi barani Afrika zilichapishwa chini ya uhariri wake. Kwa hiyo suala la ardhi lilijadiliwa chuoni Léopoldville wakati ambapo kijana wa Masisi aliyefika kuketi katika ukumbi kama ule alikuwa nadra mno.

Lovanium ilianzishwa mwaka 1954, Chuo Kikuu Rasmi cha Élisabethville kikafuata mwaka 1956, na kile cha Waprotestanti huko Stanleyville mwaka 1963. Mitihani ya dola ya kumaliza sekondari ilipoanza, mwaka 1967, mlango ulipanuka kidogo. Kisha, Juni 1971, wanafunzi wa Lovanium waliogoma waliingizwa jeshini kwa amri ya Mobutu, na Agosti mwaka huohuo vyuo vyote vitatu viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Kila kitivo kilipewa mji wake. Sayansi za jamii zilipelekwa Lubumbashi.

Kwa mtu wa Masisi, uamuzi huo ulimaanisha safari. Asiyekuwa na nauli ya ndege ilimbidi ashuke Goma, avuke ziwa hadi Bukavu, ateremke Uvira, apande meli ya Tanganyika mpaka Kalemie, na kutoka hapo treni kupitia Kabalo na Kamina. Faraja yake moja ilikuwa lugha: Lubumbashi alikuta Kiswahili barabarani, japo kile cha migodini kilichomchekesha kwa siku za mwanzo. Ambaye hakuiweza safari hiyo alibaki Bukavu, akasomea ualimu katika taasisi za juu. Hapo ndipo ilipo sehemu ya jibu kwa wale wanaouliza kwa nini kizazi kile kilitoa walimu wengi kuliko wanasosholojia.

Chuo cha taifa kilivunjwa mwaka 1981, na Kisangani ikapata kitivo chake cha sayansi za jamii, utawala na siasa. Safari hii Walikale ilinufaika kuliko Masisi, kwa kuwa iko katika barabara itokayo Bukavu kupitia Lubutu hadi Kisangani. Miaka ishirini baadaye, kipande cha lami hiyohiyo huko Kilambo kiligeuzwa uwanja wa ndege za kubebea kasiterite ya Bisie. Lakini hiyo ni habari ya uchumi wa vita.

Masisi wakati huo ilikuwa na swali lisilongoja kitivo. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilikuwa imeifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na kifungu chake cha 389 kiliahidi amri ya rais ya kueleza haki za wanaoishi kwa desturi. Amri hiyo haikutolewa. Wenye vyeo na fedha walijipatia mashamba makubwa ya ng'ombe, na mkulima akajikuta mpangaji juu ya kaburi la babu yake. Juu ya hayo kukaja sheria ya uraia ya 1981, iliyofuta ile ya 1972 na kuwaacha Wanyarwanda wengi wakiwa na uraia wa mashaka. Uchunguzi wa kina wa migogoro hiyo ya ardhi ulifanywa na mwana wa Masisi mwenyewe, Stanislas Bucyalimwe Mararo. Ila yeye alikuwa mwanahistoria, na tasnifu yake ya 1990 aliiwasilisha Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Hapana haja ya kuongeza neno juu ya umbali huo.

Mwaka 1993 una uzito wa pekee. Tarehe 20 Machi mauaji yalianza katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea Masisi, na makadirio ya wakati ule yalitaja watu wapatao 250,000 waliohama. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Kisangani kilifungua tawi Goma, ambalo mwaka 2004 lilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Goma. Elimu ya juu ya dola ikawa imesogea hadi umbali wa safari ya siku moja kutoka Masisi, wakati barabara zenyewe zilikuwa zikifungwa na vita.

Aliyechagua sosholojia tangu hapo alikuta msamiati wa somo lake umekwisha kutumika vitani. Maneno "mwenyeji" na "mgeni" ni ya kawaida kabisa katika Kiswahili. Mgeni hata hukaribishwa na kupewa kiti. Masisi, neno hilo liliweza kumtoa mtu shambani mwake alikozaliwa. "Mzawa" nalo, lililowekwa badala ya neno la Kifaransa la utawala, lilibeba madai ya mipaka na ya utemi. Mwanafunzi alifundishwa dhana hizo kwa Kifaransa, akaenda kuuliza maswali kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda; na kabla hajajibiwa, jina lake lilikuwa limekwisha kumweka upande mmoja. Miongozo ya utafiti inayomtaka mchunguzi asiwe na upande haikuandikwa na mtu aliyewahi kuulizwa ukoo wake kizuizini njiani Sake.

Baada ya wakimbizi wa Rwanda kumiminika Goma Julai 1994, mashirika ya misaada yalileta ajira mpya ya kukusanya takwimu, na sosholojia ikapata soko ambalo haikuwa nalo zama za Lubumbashi. Lakini mkusanyaji alilipwa kwa siku, na jina lake mara nyingi halikuonekana katika ripoti. Kufikia mwaka 2020 watafiti wa Bukavu pamoja na wenzao wa Ubelgiji walikuwa wamelileta lalamiko hilo hadharani katika mfululizo wa maandishi uitwao Bukavu Series. Tangu mageuzi ya mwaka wa masomo 2021-2022, mpango wa kale wa graduat ya miaka 3 na licence ya miaka 2 ulianza kuachwa, na licence ikawa ya miaka 3 tangu mwanzo.

Wakati mageuzi hayo yakiingia, vita vya M23 vilikuwa vimefufuka. Mwanafunzi wa Goma aliyetaka kuandika juu ya Masisi hakuhitaji tena kwenda Masisi: watu wa huko walikuwa kambini Bulengo, pembeni mwa mji, wakiishi chini ya maturubai. Masisi mjini ilitekwa mwanzoni mwa Januari 2025, Goma ikafuata mwishoni mwa mwezi, na Walikale mwezi Machi, kabla ya wapiganaji kuondoka huko Aprili. Kambi za Goma zilikuwa zimekwisha kuvunjwa Februari, na waliokuwamo waliagizwa kurudi makwao.