Susan Kigula: Kitanzi, ushahidi wa mtoto, na somo kwa watu wa Tanga

Wadau, mwaka 2025 jarida la The New Yorker la Marekani lilitoa podikasti iitwayo Blood Relatives, inayohoji hukumu ya Jeremy Bamber wa Essex, Uingereza. Jamaa huyu alitiwa hatiani mwaka 1986 kwa kuua kwa risasi watu 5 wa familia yake: wazazi waliomlea, dada yake na watoto mapacha wa huyo dada. Miaka yote anasema hakuua. Na anaweza kusema kwa sababu yuko hai, maana Uingereza iliacha kunyonga wauaji mwaka 1965.

Kwa upande wetu Afrika Mashariki, kesi ya kuwekwa karibu na hiyo ni ya Susan Kigula wa Uganda.

KESI YENYEWE

Usiku mmoja wa Julai 2000, jijini Kampala, mume wa Kigula alikatwa shingo akiwa nyumbani kwake. Kigula naye alikutwa na jeraha shingoni, akasema wamevamiwa. Hakuaminiwa. Akakamatwa yeye pamoja na msichana wa kazi.

Shahidi aliyebeba uzito mkubwa mahakamani alikuwa mtoto wa marehemu, ambaye kwa Kigula ni mtoto wa kambo. Usiku ule alikuwa na umri wa miaka 3 tu! Mwaka 2002 wote wawili wakahukumiwa kunyongwa. Jaji hakuwa na hiari, kwa sababu sheria ya Uganda wakati huo ilisema ukipatikana na hatia ya kuua kwa makusudi, adhabu ni moja: kitanzi. Na haikuwa maneno matupu, kwani mwaka 1999 watu 28 walinyongwa katika gereza la Luzira.

ALITOKAJE?

Kigula na wafungwa wenzake 417 waliishitaki serikali. Walishinda Mahakama ya Katiba mwaka 2005, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ikakubali mambo mawili. Kwanza, kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo ni kinyume cha katiba. Pili, mtu akikaa zaidi ya miaka 3 akingoja kitanzi baada ya rufaa ya mwisho, adhabu yake igeuke kifungo cha maisha.

Mwaka 2011 Kigula alipangiwa adhabu upya, miaka 20, na Januari 2016 akatoka. Humo gerezani alisoma sheria ya Chuo Kikuu cha London kwa njia ya posta.

Lakini tusichanganye mambo: hatia yake haikufutwa. Kesi hiyo kubwa iliamua kuhusu adhabu, haikuamua nani alishika kisu. Mwenyewe anasema hakuua, na ndugu wa marehemu nao wana msiba wao.

NA HUKU KWETU JE?

Tanzania bado sheria inamtaka jaji atoe adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji, isipokuwa kwa mjamzito au aliyetenda akiwa chini ya miaka 18. Kunyonga kwenyewe hakujafanyika tangu katikati ya miaka ya 1990. Novemba 2019, Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi. Mwezi huohuo serikali ikatangaza kuondoa ruhusa ya mwananchi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo.

Kuhusu watoto, tangu marekebisho ya mwaka 2016 mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na siyo uongo.

Kwa hiyo ndugu yako akihukumiwa Mahakama Kuu ya Tanga, usikae barazani unalia tu. Taarifa ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani inatakiwa ndani ya siku 30. Kama hana uwezo, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ulizeni.

Hukumu inaweza kurudiwa kuangaliwa baada ya miaka 10, hata 30. Shingo ikishavunjika, hakuna mahakama wala podikasti ya kuiunga.

Wadau wa Tanga, Pangani, Muheza na Mkinga, mnasemaje? Mtoto wa miaka 3 atosha kumpeleka mtu kitanzini?